Mwaka Niliouita Likizo

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa kabati namba tisa pale kortini. Kabla sijafika getini, Nakato, mkalimani wetu mpya, alinikimbilia na daftari jipya mkononi, akaniambia, "Nalongo, usituondokee na maneno yote. Andika." Basi naandika. Nilipandishwa cheo lini na kwa nini sikupandishwa tena, hayo waulizeni waliokuwa wakinipandisha. Mimi nataka kuwaeleza hasa mwaka mmoja, ambao sikukanyaga kortini hata siku moja, kwa sababu ndio ulionifundisha kazi hii.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari kutoka West Nile, mama Mganda, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye foleni ya maji, katikati ya wake wa askari waliotoka kila pembe. Miaka michache baada ya vita vya themanini na sita korti moja ya mjini ilikuwa inatafuta wakalimani, nikaenda nimevaa viatu vya kuazima, nikiamini Kiswahili nimekimaliza. Nilipokewa na Mzee Ramadhani, mkalimani mkuu, mtu wa mtaa wa Kisenyi, mfupi, mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani. Alinipa penseli mbili, kwa sababu kalamu ya wino hukwama hakimu akiwa na haraka, na daftari dogo la kuingia mfukoni. Akaniambia nisiongeze, nisipunguze, na nisimwonee mtu huruma kwa kumpangia maneno mazuri. Mafunzo yangu yakaishia hapo.

Siku hiyo hiyo shahidi mmoja, Mganda, alisema jirani yake alimwalika "kwenye kalamu". Nami kwa ujasiri wote nikamweleza hakimu kwa Kiingereza kwamba shahidi alialikwa ndani ya kalamu. Hakimu, mtu asiyejua kucheka, aliuliza ni kalamu ya namna gani inayoingia mtu mzima. Mzee Ramadhani akasimama kule nyuma, akasema ni karamu, mheshimiwa, sherehe, ila r na l mjini hapa huazimana kama majirani wanavyoazimana sufuria. Korti nzima ilicheka. Kwa mwaka mmoja na zaidi makarani waliniita Bibi Kalamu, mpaka nikajifungua mapacha wangu, Apio na Ocen, na hapo nikapata jina la heshima la Nalongo, kama mama yeyote wa mapacha hapa Kampala.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe. Ilikuja miaka ile Wakongo walipoanza kumiminika mjini kukimbia vita vya kwao. Mama mmoja, fundi wa kushona, alishitakiwa kwa cherehani iliyoibwa. Nitamwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake mdogo, maana ndivyo tulivyomwita sote. Hakimu alimuuliza ile cherehani aliifanya nini, naye akajibu bila wasiwasi, "Niliuza pale ku soko." Nikatafsiri: ameiuza sokoni. Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa amekubali kuuza mali ya wizi. Mama Furaha akapelekwa rumande, ameacha watoto watatu kwa jirani, na mimi nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Kisenyi, kwenye duka la Msomali mmoja, nasubiri zamu yangu. Mbele yangu mama wa Kikongo alisema, "Nataka kuuza sukari, kilo mbili." Msomali hata hakuinua macho, akampimia sukari kilo mbili, akampa. Nikaisahau zamu yangu. Nikamuuliza yule mama: kwenu kuuza ni kufanya nini? Akanitazama kwa huruma, akasema kuuza ni kuchukua kitu dukani, na mwenye duka yeye anauzisha. Mwenye duka alijua. Mimi, mkalimani wa serikali, sikujua. Mama Furaha alikuwa ameieleza korti kwamba cherehani aliinunua.

Nilikimbia. Ndiyo, na gomesi yangu, gauni refu la mshipi, kutoka Kisenyi mpaka kortini, na watu walinipisha wakidhani nina mgonjwa. Nilimwambia hakimu kila kitu ofisini kwake, mlango umefungwa. Mama Furaha aliitwa, akaulizwa upya, akawapeleka polisi mpaka kwa mwanamume aliyemuuzia, na yule ndiye akageuka mshitakiwa. Siku ya kumwachia, karani alimweleza pale kwenye baraza kwamba kulikuwa na makosa kwenye maandishi na kwamba huyu Nalongo ndiye aliyeyagundua. Mama Furaha aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti, akaniita mkombozi wake. Na mimi nilinyamaza. Kusema lugha tatu ndiyo kazi yangu, na siku ile hata moja haikutoka.

Aibu hiyo ndiyo iliyoniandikisha barua. Niliomba korti iniachie mwaka mmoja nikusanye maneno yote yanayowaangusha wakalimani: Kiswahili cha Kikongo, cha kambini, cha Wakenya, na hiki chetu cha mjini kinachotembea na Luganda bega kwa bega. Niandike kitabu kidogo cha kuwafundishia wakalimani wapya. Mzee Ramadhani aliisukuma barua yangu kutoka meza hii mpaka ile, na siku moja jibu likaja limekubali, kwa sharti moja: siku ya kurudi kazini nirudi na kitabu kilichokamilika. Nisipokamilisha, hakuna mkalimani mwingine atakayepewa nafasi kama hiyo, na kazi itaendelea kama zamani. Kwa maneno mengine, mama mwingine angekwenda rumande kwa neno moja. Nilicheza pale pale ofisini.

Jioni nikafika nyumbani Lubaga, nikapakua posho, yaani ugali, na maharage, nikatangaza, "Nimepewa likizo ya mwaka mzima."

Nyinyi wakalimani, nisikilizeni. Ukiacha lile la Mama Furaha, sijawahi kukosea neno vibaya kama nilivyokosea hapo, tena mezani kwangu. Barua haikusema likizo. Ilisema nimeachiwa kazi moja ili nifanye nyingine, lakini njaa ilikuwa inauma na neno fupi lilikuwa karibu. Mume wangu Otim, sajenti wa polisi, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira, mwenye maneno machache, alifurahi kweli. Alisema sasa na yeye atakula chakula cha mchana cha moto kama mabwana wengine.

Habari ilifika Lira kabla ya wiki kwisha. Dada yake Otim alileta watoto wawili wakae kidogo, kwa kuwa mke wa mjomba wao yuko likizo. Kina mama wa kanisa wakanipa maua ya altare. Jirani akawa ananiachia ufunguo, halafu ufunguo na mtoto. Otim alileta askari wenzake watatu kula mchana, tena siku niliyokuwa nimepanga kuanza herufi A. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na maneno kumi na manne na sufuria mpya mbili. Nikisema nina kazi wananijibu kwa upole, "Kazi gani, Nalongo, si uko likizo?" Nilikuwa nalia bafuni, naoga, natoka.

Dawa yake niliipata kwa hasira. Asubuhi moja nilifungua sanduku, nikatoa koti langu jeusi la kortini, nikalivaa juu ya gomesi, nikaketi kwenye veranda na daftari langu. Jirani alikuja na mtoto mgongoni, akaona koti, akasimama. Aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia korti imekaa. Akaondoka na mtoto wake, na tangu siku hiyo huo ndio ukawa utaratibu wa nyumba yetu: koti likiwa mwilini, mimi niko kazini na sipakui chai ya mtu, na saa kumi likivuliwa, mimi ni mama, na daftari linafungwa hata kama neno limeishia katikati. Otim alicheka, halafu akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Kesho yake wenzake walikula kambini.

Lakini koti halilindi mtoto wa miaka mitatu. Mapacha walikuwa shuleni mpaka alasiri, ila Akello, mdogo wao, alikuwa nyumbani, na Akello hakuheshimu korti yoyote. Nikiwa nahangaika hivyo nilikwenda Kisenyi kutafuta Wakongo wa kunipa maneno, na nani anakuja mbio kunikumbatia? Mama Furaha. Nilimweleza nataka nini. Akasema hilo ni jambo dogo, yeye atakuja kwangu na cherehani yake ya mkono, atashona kwenye veranda, atanipa maneno, na Akello atacheza na Furaha wake, maana ni rika moja. Nilipaswa kukataa, au kumwambia ukweli kwanza. Nilimwambia aje Jumatatu.

Jamani, kazi ilikimbia. Mama Furaha alikuwa anashona na kusema, nami naandika mpaka vidole vinakakamaa. Alinipa namna zake za kusema "iko" na "ku soko" na "bale batu", akanieleza lipi la Bukavu na lipi la Goma, akanikosoa bila haya. Kila neno nililiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwenye kamba ya nguo kwa kibanio, ili niyapange kwa herufi. Mvua ikinyesha nyumba nzima ilikimbia kuanua maneno, nguo tukaziacha zilowe. Apio na Ocen wakaambukizwa. Walirudi shuleni na maneno ya watoto wa askari, wakagombania nani kaleta zuri zaidi, na wageni kutoka Lira nao wakaingia kwenye mashindano. Hata Otim, siku moja akivua viatu, alisema pale kituoni mtu akisema "nilimgusa" wengine wana maana ya kugusa na wengine wana maana ya kupiga. Nilimkumbatia na sare yake. Hakuna furaha niliyoipata kazini kama ya miezi ile.

Mama Furaha yeye aliniombea dua kila asubuhi kabla ya kushona, akimshukuru Mungu kwa mkombozi wake, na mimi nilikuwa naitikia amina. Kila siku nilijiambia nitamweleza kesho. Nilihesabu hasara zake vizuri: nikimwambia ataondoka, akiondoka Akello hana mwenzake na mimi sina maneno, na kitabu hakikamiliki. Kwa hiyo neno "uza" nililiacha mwisho. Kamba ya nguo ilikuwa na U yote isipokuwa hilo. Mapacha waliliulizia, nikawafokea.

Mwezi wa mwisho nilikuwa nashinda Wandegeya kwenye duka la kupiga chapa, nikisimama nyuma ya mpiga chapa asije akanigeuzia l kuwa r. Alasiri moja nilirudi nimebeba kurasa kifuani kama mtoto mchanga. Akello alikuwa ameanguka, goti linatoka damu. Nilinyoosha mikono. Akanipita, akaenda mpaka kwa Mama Furaha, akamkumbatia, akamwita mama.

Iliniuma, sitawadanganya. Lakini Mama Furaha ndiye aliyeshtuka zaidi. Alimbandua mtoto kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwake, akamgeuza uso. "Hapana. Mama yako ni yule pale. Miye usiniite vile," akasema. Akello akalia zaidi. Nilimchukua, nikamwosha goti, nikamlaza, halafu nikarudi kumuuliza Mama Furaha kwa nini amemkemea hivyo mtoto wa watu.

Alijibu akiangalia kitambaa chake. Alisema alipotoka rumande alikwenda moja kwa moja kwa jirani kuchukua watoto. Wale wakubwa walimrukia. Furaha alijificha nyuma ya gauni la jirani, akalia kwa hofu, na jirani ndiye aliyemwita mama. Ilichukua siku nyingi mtoto kurudi kwake. Alisema hajapata kumweleza mtu yeyote, kwa kuwa ni aibu mama kukataliwa na mtoto aliyemnyonyesha.

Hapo sikuweza tena. Sikuvua hata koti.

"Mama Furaha," nikasema, "yale makosa hayakuwa ya maandishi. Yalikuwa ya mdomo wangu. Wewe ulisema uliuza cherehani, na mimi nikamwambia hakimu uliiuzisha. Ni mimi niliyekufunga."

Aliukata uzi, akaichomoa sindano, akaifunika cherehani. Kisha akauliza neno moja tu.

"Mwaka muzima ulijua?"

Nikasema ndiyo. Alimfunga Furaha mgongoni, akaibeba cherehani kichwani, akateremka kilima bila kuaga.

Usiku ule nilimweleza Otim, yote, tangu dukani kwa Msomali. Aliivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani. Halafu akasema mshitakiwa akikiri hapaswi tena kuchagua adhabu, anangoja. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akapika posho lenye madonge, akawalisha watoto wote watano, akamfunga Akello mgongoni kwa shuka mbele ya majirani, sajenti mzima. Nami niliketi na koti langu nikaandika neno "uza". Mwanzoni niliandika kwamba mkalimani mmoja aliwahi kukosea. Nikakichana kile kipande. Nikaandika upya kwamba aliyekosea ni mimi, na jina langu lote. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Siku ya tatu Mama Furaha alikuja. Hakuja na cherehani. Hakunisalimu. Aliketi kwenye kiti chake, akasema, "Soma."

Nikasoma: uza, kwa Kiswahili cha Kongo, ni kununua, mama mmoja alieleza ukweli wake kortini akafungwa, kwa sababu mimi, nikiwa mkalimani, nilidhani Kiswahili ni kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Neno umeandika muzuri," akasema. "Siku hukuandika. Zilikuwa ishirini na moja."

Nikaandika. Akaniambia limebaki lingine, niende kwenye M. Nikamuuliza neno gani. Alipolitaja nilichonga penseli upya, naye akangoja. Alinitajia maelezo yake polepole, mara mbili, kama mtu anayetoa ushahidi kwa hakimu anayeandika kwa mkono. Alipomaliza alisimama, akampa Akello kipande cha muwa, akaenda zake. Kunisamehe hakusema, wala mimi sikumuuliza. Wiki iliyofuata alirudi na cherehani, na maombi ya asubuhi hakuyafanya tena kwa ajili yangu.

Kitabu nilikipeleka siku ile ile niliyotakiwa kurudi. Bwana aliyepewa kukikagua alikisifu sana, ila akasema kuna neno moja kwenye M ambalo kila mtoto wa Uganda analijua, halina ugumu wowote, na ni afadhali litolewe. Nikamwambia likitoka neno hilo, na mimi natoka. Aliniangalia, akaangalia koti langu, akaliacha neno. Limo mpaka leo, nanyi huwa mnaliruka, nimewaona. Linasema hivi:

MAMA. Jina mtoto analomwita aliyemzaa. Mama huyo akikaa rumande siku ishirini na moja, mtoto analitumia kwa jirani.